Mchoro wa Mandhari Umelala? Tafuta Kosa Kwenye Mstari

Mchoro wa mandhari ukigoma, wengi hulaumu kipaji au hukimbilia kununua penseli mpya. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari wenyewe: umechorwa kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, mchoraji akiwa hajaamua kama anachokichora ni kizito au chepesi, kiko karibu au mbali, kimetulia au kinapepea. Mstari unaosema kitu hutoka kwenye uamuzi huo. Ndiyo maana karibu kila dalili iliyo hapa chini ina tiba, na tiba nyingi hazihitaji kifaa kipya.

Nimepanga kwa dalili zile ambazo wanaojifunza kuchora huzilalamikia tena na tena. Nenda moja kwa moja kwenye yako. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana, halafu vile vya nadra.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Simamisha mchoro ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Kinachobaki ndicho mtazamaji atakachokiona kwanza. Kisha ugeuze juu chini. Jicho likishindwa kutambua mti na nyumba, hulazimika kuona mistari yenyewe, na ule usiopatana na wenzake hujitokeza. Mwisho tazama ncha ya penseli au kalamu. Nyasi za mbali zilizochorwa kwa ncha butu haziokoleki kwa mbinu yoyote.

Dalili: mchoro umelala, vitu vinaonekana vimekatwa kwa mkasi na kubandikwa

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote.

*Nguvu moja ya mkono.* Pitisha kidole nyuma ya karatasi. Ukihisi matuta ya kimo kimoja kila mahali, umebonyeza sawasawa kote. Chukua karatasi ya majaribio, chora mistari mirefu inayoanza kwa nguvu na kumalizikia hewani, kisha inayoanza kwa wepesi na kuishia kwa nguvu, kisha inayonenepa katikati tu. Jaza ukurasa mzima. Mkono ukishajua tofauti hizo, rudi kwenye mchoro.

*Penseli inashikwa kwa namna moja.* Ukiishika kama unaandika barua, itatoa mstari mdogo wenye unene mmoja. Ilaze chini ya kiganja, ubavu wa risasi (kiini cheusi cha penseli) uguse karatasi, utapata mstari mpana na laini. Ukiizungusha taratibu huku unachora, mstari uleule utapita kutoka upana hadi wembamba bila kukatika.

*Penseli ngumu mno.* Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, risasi huwa ngumu na mstari huwa wa kijivu. Kwenye pembe ya karatasi, bonyeza uwezavyo bila kuitoboa. Kama giza unalopata halitofautiani sana na mistari yako ya kawaida, penseli hiyo haitoshi kwa vitu vya mbele. Tumia penseli laini na nyeusi zaidi, yenye alama ya 4B au 6B, kwa mbele na uiache HB, iliyo ngumu kuliko hizo, kwa mbali.

*Kila kitu kimezungushiwa mpaka uliofungwa.* Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mchoro hubadilika kweli. Katika mandhari, ukingo wa kitu haufanani pande zote. Chukua jiwe moja kubwa, jua likilipiga kutoka juu kushoto. Ubavu wa kushoto mwanga ni mwingi kiasi kwamba ukingo unakaribia kuungana na anga, kwa hiyo mstari uwe mwembamba, na ukatike kabisa mahali pamoja au pawili. Ukifika mgongoni kuna kona kali: kaza mkono hapo mara moja, kisha legeza. Ubavu wa kulia uko kivulini, mstari unenepe polepole ukishuka. Chini, jiwe linapokalia ardhi, kuna ufa mwembamba usiofikiwa na mwanga. Hapo ndipo penye giza kuliko pote. Bonyeza, kisha acha majani mawili matatu ya nyasi yakatize ule mstari. Jiwe limepata uzito, na hujapaka kivuli hata kidogo.

Fanya hivyo kwa shina la mti, kwa ukuta, kwa kilima. Mahali mstari unapopotea, jicho la mtazamaji humalizia lenyewe, na huumalizia vizuri zaidi ya penseli.

Dalili: mistari ina manyoya, vipande vifupi vifupi vinavyopandana

*Chanzo cha kwanza ni woga.* Mkono unaanza safari kabla jicho halijaamua unakokwenda, kwa hiyo unapapasa. Weka nukta pale mstari unapoanza na nyingine pale unapoishia. Pitisha mkono hewani mara mbili kati ya nukta hizo, ukiitazama ile ya mwisho, usitazame ncha ya penseli. Kisha teremsha penseli, uchore mara moja. Mstari ukipotoka, uache. Chora ulio sahihi kando yake kwa nguvu kidogo zaidi. Mtazamaji atafuata ule wenye nguvu. Mimi huwasihi wanaoanza waweke kifutio mbali wakati wa hatua hii, maana kinachofutwa kila mara hakimfundishi mtu kitu.

*Kuchora kwa kifundo cha mkono pekee.* Kifundo kina nafasi ndogo, na kikilazimishwa kuchora mgongo wa mlima mzima hutoa matao mafupi mafupi. Simama. Mistari mirefu ya upeo wa macho, vilima na barabara itoke begani. Matawi na mapito ya maji yatoke kwenye kiwiko. Kifundo na vidole viachiwe nyasi na majani. Inua pia ubao wa kuchorea uelekeane na uso wako. Karatasi ikilala mezani, sehemu yake ya juu iko mbali zaidi na macho na unaiona imefupika, hivyo milima hutoka mirefu kuliko ulivyokusudia.

*Kutazama karatasi kuliko kutazama mahali penyewe.* Chagua ukingo mmoja, mfano mstari ambapo miti inakutana na anga, uchore bila kutazama karatasi hata mara moja, kwa mwendo uleule wa jicho. Matokeo yatakuwa yamepinda. Lakini angalia mstari wenyewe: hauna manyoya.

Kuna hali moja isiyotibika kwa mazoezi haya. Mkono ukitetemeka hata usipochora, kwa mfano ukishika kikombe au ukiwa umeulaza, hilo si suala la uchoraji. Muone daktari.

Dalili: milima ya mbali inakuja mbele

*Mstari wa mbali una giza sawa na wa karibu.* Kati yako na mlima kuna hewa yenye unyevu na vumbi, na hewa hiyo hutawanya mwanga. Kadiri umbali unavyoongezeka, giza la kivuli hupauka na tofauti ya weusi na weupe hupungua. Finya macho, linganisha kivuli cha kitu kilicho karibu nawe na kivuli kilicho mlimani. Kama mchoro wako hauna tofauti hiyo, usifute mlima wote. Tumia kifutio laini kinachofinyangika, kigandamize juu ya mstari na kukiinua bila kusugua. Kitanyonya sehemu ya grafiti na kuacha mstari uliofifia.

*Mlima wa mbali una habari nyingi mno.* Mwanafunzi anajua mlimani kuna miti, basi anaichora. Jicho haliioni. Mlima wa mbali kabisa unahitaji mstari mmoja wa juu, uliokatika hapa na pale, pengine na mistari miwili ya mabonde. Basi.

*Mpangilio wa kazi.* Ukianza na mti wa mbele kwa giza lote ulilonalo, kila kinachofuata kitataka kushindana nao. Anza mbali kwa wepesi, sogea mbele ukiongeza nguvu, giza la mwisho kabisa liwekwe mwishoni, mahali pachache.

Kwa wino jambo hili ni gumu zaidi, kwa sababu kalamu nyingi hazitoi kijivu. Una njia tatu: kalamu yenye ncha nyembamba zaidi kwa mbali, wino uliochanganywa na maji, au kuukata mstari uwe vistari na nukta. Njia hii ya tatu mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliifikisha mbali. Mwaka 1888 akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora tambarare za mashamba kwa kalamu za tete alizozichonga. Mbele aliweka mikwaruzo minene ya nyasi. Kadiri shamba linavyorudi nyuma alama zinapungua ukubwa mpaka zinakuwa nukta tupu. Kitu kimoja cha kuangalia ukitaka kumfuata: baadhi ya wino alioutumia umebadilika kuwa kahawia na kufifia. Chagua wino usiopauka kwa mwanga, la sivyo kazi yako ya umbali itaharibika yenyewe.

Dalili: miti yote ni mti mmoja

*Unachora mti ulioko kichwani.* Shina kama nguzo, juu wingu. Ukaguzi ni mwepesi: onyesha mchoro kwa mtu aliyeiona miti hiyo, akuambie ni upi kati yake. Akishindwa, rudi kwenye shina. Linainamia wapi? Tawi la kwanza linatoka kwa pembe gani? Ncha za matawi zinaelekea juu, pembeni, au zimeanguka?

*Matawi hayapungui.* Tawi nene kuliko mzazi wake huua mti mzima. Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi yote ya mti katika kila kimo, unene wake ukijumlishwa, hulingana na wa shina. Si sheria ya kupimia kwa rula, ila ukiibeba kichwani mkono utajifunza kuupunguza mstari kila panapotokea mgawanyiko.

*Majani yamechorwa moja moja.* Hapa tengeneza alama. Kaa mbele ya mti mmoja, na pembeni mwa karatasi ujaribu mikwaruzo mbalimbali, ya mviringo, ya pembe kali, ya kuning'inia, ya nukta, mpaka upate mmoja unaofanana na mwendo wa majani yale. Tumia alama hiyo upande wa kivuli na kwenye kingo pekee. Upande wa jua uachie karatasi.

Dalili: vilima na miamba imesimama kama ubao

Karibu kila mara chanzo ni mistari ya kivuli kuelekea upande mmoja, ile ya mshazari inayokuja yenyewe kwa mkono uliozoea kuandika. Mstari wa kivuli una kazi mbili: kutia giza na kueleza uso umelalaje. Jiulize maji yakimwagwa juu ya kilima yatateremka wapi, au mdudu akikizunguka atapita wapi, kisha upeleke mistari huko. Kilima cha mviringo kinataka mistari inayopinda. Jabali lililopasuka linataka mikato mifupi yenye kona.

Wachoraji wa mandhari wa China walilishughulikia hili kwa kina kuliko yeyote ninayemjua, wakajenga mitindo maalumu ya mistari kwa kila aina ya ardhi. Ule unaoitwa nyuzi za katani, wa mistari mirefu laini, walitumia kwa vilima vya udongo. Ule wa mkato wa shoka, uliopendwa na Ma Yuan na Xia Gui wakati wa nasaba ya Song ya Kusini, walitumia kwa majabali makali. Ukikwama kwenye miamba, nakili kipande kidogo cha kazi ya aina hiyo, uone mkono wao ulianzia wapi na kuishia wapi.

Dalili: maji yanaonekana kama ardhi

Maji yaliyotulia yanataka mistari ya mlalo iliyo sawa na upeo wa macho, mifupi, isiyounganishwa, ikikaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Mstari wa mlalo ukiinama hata kidogo, ziwa litamwagika. Taswira ya kitu inayoakisiwa ndani ya maji hushuka wima chini ya kitu chenyewe. Makosa mengine ya maji hutokana na kuchora sana. Futa nusu, utaona.

Dalili: mchoro umejaa, jicho halina pa kutua

*Hofu ya karatasi nyeupe.* Ziba sehemu moja ya mchoro kwa kipande cha karatasi safi, utazame. Kihamishe kipande hicho, sehemu moja baada ya nyingine. Mahali ambapo mchoro unapendeza zaidi pakizibwa, hapo palitakiwa kuachwa.

*Hakuna uamuzi wa kitu kikuu.* Kabla ya kuanza tena, sema kwa sentensi moja kilichokusimamisha mahali hapo: njia inavyopotea nyuma ya miti, au upepo unavyolaza mashamba. Mistari yenye nguvu yote ihudumie sentensi hiyo.

*Alama zote ni za ukubwa mmoja.* Changanya. Mstari mrefu mtulivu kando ya mikwaruzo midogo huifanya yote miwili isikike. Mchoraji Mholanzi Rembrandt, kwenye chapa yake ya mwaka 1643 yenye miti mitatu, alikata mistari iliyonyooka kabisa ya mshazari juu kushoto kuwa mvua, ilhali mawingu jirani yake yanazunguka kwa mistari iliyolegea. Ukali wa ile iliyonyooka unatokana na ulegevu wa jirani.

Dalili: wino unasambaa, au kalamu inakwama

Wino ukitambaa pembeni na kuota vijimizizi, karatasi ndiyo inayounyonya. Jaribu nukta moja pembeni kabla ya kuanza kazi. Karatasi za kuchapia za gramu 80 kwa mita ya mraba mara nyingi hazivumilii wino mwingi. Tafuta karatasi ya kuchorea yenye uso uliokazwa, ya gramu 160 au zaidi, na kama utatumia maji anzia 300.

Nibu (ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya) mpya isiyoshika wino huwa na mafuta ya kiwandani. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, uifute. Nibu inayokwaruza na kurusha matone inasukumwa: ivute kuelekea kwako, na ugeuze karatasi pale mstari unapotaka kwenda upande usiofaa.

Onyo: wino wa kuchorea usioyeyuka baada ya kukauka una gundi ndani yake. Usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino ya kawaida, utakauka na kuziba mfereji. Ukishauweka na kalamu imekwama, iloweke kwenye maji baridi. Isipofunguka, na ni kalamu ya thamani, simama hapo. Usiifungue kwa koleo wala kumwagia kemikali za kuondolea rangi, maana huyeyusha baadhi ya plastiki. Mpelekee fundi wa kalamu.

Dalili: mkaa unadondoka, mistari inachafuka

Uso wa karatasi ukiwa laini mno, mkaa hauna pa kushika. Chagua wenye chembechembe. Weka karatasi safi chini ya kiganja, na uchore kuanzia upande usiopitiwa na mkono: anayetumia kulia aanzie kushoto, anayetumia kushoto aanzie kulia.

Kazi ikiisha, dawa ya kupulizia ya kukazia mchoro itashika vumbi lililobaki. Puliza kwa umbali wa sentimita 30 hivi, kwa tabaka nyembamba, ukisubiri moja ikauke kabla ya nyingine. Tabaka moja zito hulowesha mkaa na kuufanya mweusi kuliko ulivyotaka, na mistari yako ya mbali ndiyo itakayoumia kwanza. Dawa hizi nyingi hushika moto na mvuke wake hudhuru mapafu. Pulizia nje, mbali na jiko na sigara. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha, toka kwenye hewa safi, na hali isipotulia haraka tafuta msaada wa daktari. Mwenye pumu asipulize mwenyewe.

Dalili: mkono unauma kabla mchoro haujaisha

Kwa kawaida ni kubana penseli kupita kiasi. Vidole vikipauka, unabana. Nenepesha penseli kwa kuizungushia kitambaa, shika mbali zaidi na ncha, na pumzika kabla maumivu hayajaanza. Mstari utalegea pia, na hilo ni faida.

Ganzi au mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ukikuamsha usiku, unaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo. Acha kuchora mpaka uonwe na daktari. Kuendelea kwa ukaidi kunaweza kuacha udhaifu wa kudumu.

Mchoro wa zamani unaotaka kuokoa

Wengi hutaka kurekebisha mchoro wa mzazi au wao wenyewe wa miaka iliyopita: mistari imefifia, karatasi imegeuka njano, ukungu umetanda. Unachoweza kufanya salama ni kuutenganisha na michoro mingine, kuuweka pakavu, mbali na jua, na kuupiga picha. Usipitishe kalamu juu ya mistari iliyofifia, usiuguse ukungu kwa kitambaa chenye maji, usibandike utepe wa gundi kwenye mpasuko, wala usiupulizie dawa ya kukazia. Mambo hayo manne ndiyo yanayompa kazi ngumu zaidi mhifadhi wa karatasi, na ndiye wa kumpelekea. Ukitaka kuendeleza mistari ile, weka karatasi nyepesi inayopitisha mwanga juu ya nakala ya picha, uchoree hapo.